Mpaka wa Kihamba: Mambo ya Kufanya Kabla Hujamshtaki Jirani

Nilifundisha shule ya msingi kwa miaka 31, na nilipostaafu wanakijiji wenzangu wakanipitisha niingie Baraza la Ardhi la Kijiji. Sheria ya Tanzania inataka baraza hilo liwe na wajumbe saba, watatu kati yao wawe wanawake. Mimi nilikuwa mmoja wa hao watatu kwa miaka sita. Kwetu ni Vunjo, kwenye miteremko ya Kilimanjaro, ambako kihamba cha nusu ekari kinabeba nyumba, migomba, kahawa, ng'ombe wawili wa ndani na makaburi ya babu na bibi. Ardhi ikiwa finyu namna hiyo, hatua mbili za mpaka si jambo dogo. Nimeona ndugu wa tumbo moja wasiozikana kwa sababu ya hatua mbili.

Haya ninayoandika nimeyatoa humo barazani, na mengine katika mgogoro wangu mwenyewe wa shamba la tambarare. Jambo moja nililiona likijirudia mpaka nikalishika: mpaka ni kitu cha watu wawili. Ukiuweka peke yako, hata ukiuweka mahali pa haki, jirani hataulinda, na mtoto wake atakuja kuung'oa. Kwa hiyo kila ninachoelekeza hapa shabaha yake ni kumfikisha jirani mahali pa kutia sahihi kwa hiari yake, mbele ya mashahidi. Hukumu ni kwa ajili ya yule aliyekataa kabisa.

Siku unapogundua

Umeamka asubuhi, unakwenda kukata majani ya ng'ombe, unakuta isale, ule mmea tunaopanda mpakani, limeng'olewa, au migomba mipya imechomekwa upande wako. Mkono utakuwasha. Usiguse kitu. Ukiing'oa migomba yake mambo yanageuka: jana ulikuwa mwenye kudai haki, leo wewe ndiye uliyeharibu mali ya mtu. Tena migomba hiyo ni ushahidi wako, maana kimo chake kinaeleza ilipandwa lini.

Mwite balozi wa nyumba kumi au mwenyekiti wa kitongoji siku hiyohiyo aje aone kwa macho yake. Piga picha kwa simu, lakini usipige shimo peke yake, kwa sababu mashimo yote yanafanana. Rudi nyuma ili picha ishike na kona ya nyumba, au kaburi, au mti mkubwa unaojulikana na kila mtu. Kisha chukua daftari, la mtoto wa shule linatosha, uandike tarehe, saa, ulichokiona na nani alikuwepo. Barazani nimeona watu wenye haki wakishindwa kusema hata mwaka ambao mpaka uliguswa.

Halafu, kabla hujafungua mdomo nje, uliza nyumbani kwako. Desemba ndio mwezi wetu mgumu. Watoto wanapanda kutoka Dar es Salaam, Arusha na Mombasa kuja kula Krismasi, na kila mmoja anakagua kihamba kwa kumbukumbu ya miaka kumi iliyopita. Kijana mmoja alifika, akaona mpaka umeingia ndani, akamtukana jirani wa baba yake kilabuni mbele ya watu. Tulipokaa, ikajulikana kwamba mdogo wake aliyebaki nyumbani alibadilishana na jirani: aliachia kipande cha upande wa juu ili apewe njia ya kupitisha ng'ombe upande wa chini. Hawakuandika popote na hawakumwambia mtu. Yule kijana alitoa mbuzi wa kuomba radhi kabla ya mwaka mpya, na mzee aliyetukanwa alikuwa na umri wa babu yake.

Jifunze kuusoma mpaka

Hapa ndipo watu wengi wanapita haraka, na hapa ndipo penye majibu. Kwetu mpaka ni masale. Isale ni mmea wa heshima. Ndilo jani analobeba mtu anayekwenda kuomba msamaha kwa aliyemkosea, na ukiletewa isale ni vigumu kukataa kusamehe. Ndiyo maana wazee walilipanda mpakani, kwamba mahali penye isale watu wameshakubaliana. Wahaya kule Kagera nao wana mmea wa jamii hiyohiyo kwenye mipaka ya vibanja vyao, yaani mashamba yao ya nyumbani. Kwingine utakuta minyaa au mkonge. Ujue mmea wa kwenu na tabia yake.

Tabia ya isale ni kwamba kipande cha shina kikichomekwa ardhini kinachipua bila taabu. Huo ni uzuri wake na pia ni hatari yake, kwa sababu mtu mwenye nia mbaya anaweza kupanda safu nzima katika usiku mmoja, na baada ya masika mawili wapita njia wataapa ilikuwa pale tangu enzi. Lakini safu ya kweli na safu ya jana hazifanani. Masale ya zamani yana mashina manene yenye makovu ya kukatwa mara nyingi. Yanapishana umri, kwa kuwa moja hufa na lingine huzibia pengo, na mstari wake unapinda ukifuata ardhi. Safu mpya ina kimo kimoja na nafasi sawasawa, imenyooka kama iliyopandwa kwa kamba.

Kitu kingine ambacho mng'oaji hukisahau ni mizizi. Isale likivutwa, sehemu ya mizizi hubaki chini, na mizizi yake ina rangi ya machungwa. Huwezi kuichanganya na mizizi ya mgomba, ambayo ni minene na myeupe, wala ya mkahawa, ambayo ni ya mti mgumu. Mkichimba mahali panapobishaniwa mkakuta mizizi hiyo, mazungumzo yanabadilika. Ila mchimbe pande zote mbili zikiwepo pamoja na balozi. Ukichimba peke yako utaambiwa umeizika mwenyewe.

Baada ya masale tazama vitu ambavyo mtu hawezi kuvihamisha usiku: mwamba, kaburi, kisiki cha mti wa msesewe, ngazi ya mawe. Mfongo, yaani mfereji wetu wa maji, pia unasaidia, lakini kwa tahadhari, maana kila unapozibuliwa baada ya mafuriko unaweza kusogea kidogo, na mgogoro mmoja tuliousikiliza ulikuwa wa mfongo uliohama wenyewe, pande zote mbili wakiwa wasafi.

Sasa pima. Chukua kamba ya katani, ipime kwa tepu ya fundi na uifunge fundo kila mita moja. Chagua vitu viwili visivyohama, tuseme kona ya nyumba na mwamba. Kwa kila alama ya mpaka, pima umbali kutoka kona ya nyumba, kisha umbali kutoka kwenye mwamba, uandike namba zote mbili. Kwenye mteremko kamba ishikwe sawa kama maji yaliyotulia, isifuate ardhi, la sivyo namba zitakudanganya. Isale hilo likiondolewa hata baada ya miaka ishirini, mtu yeyote mwenye kamba atazungusha duara kutoka kona ya nyumba na duara kutoka kwenye mwamba, na zinapokutana upande huo wa mpaka ndipo lilipokuwa. Hesabu hii nilikuwa nawafundisha watoto wa darasa la saba, na sijui kwa nini tunaiacha shuleni.

Vijana wananiambia simu inaweza kupima. Inaweza, kama unataka kujua ukubwa wa shamba lote kwa makadirio. Lakini simu hukosea kwa mita kadhaa, na chini ya migomba na miti mikubwa hukosea zaidi, wakati ugomvi wenyewe ni wa mita moja na nusu. Usiende kwa jirani na simu mkononi ukamwambia ramani imesema. Hata ramani ya hatimiliki ya kimila, ikiwa ilipimwa kwa kifaa cha mkononi, ina kasoro hiyohiyo, kwa hiyo ukiwa na hati bado linda masale na mawe yako. Kipimo cha mpima ardhi aliyeweka bikoni, zile nguzo za mpaka, ni jambo jingine, hicho kinaaminika mpaka sentimita.

Nitasimulia na ya kwangu. Shamba langu la tambarare, huko chini tunakolima mahindi na maharage, halina isale hata moja. Mpaka ni ukanda wa majani usiolimwa. Trekta za kukodi hulipwa kwa ekari na dereva ana haraka. Akipita pembeni anabeba ukanda kidogo, sentimita 30 hivi, na msimu ujao anabeba tena. Kwa miaka kumi hiyo ni mita tatu. Shamba langu lina urefu wa mita 100, kwa hiyo ni mita za mraba 300, karibu sehemu moja ya kumi na nne ya ekari. Nilimnunia jirani yangu misimu miwili, sisalimii, sipokei salamu. Msimu wa tatu nikaenda kusimama shambani siku ya kulima na nikaona kwa macho yangu trekta ikifanya kazi hiyo. Mwenye trekta alikuwa nimemkodi mimi. Nilikwenda kwa yule mama siku hiyohiyo jioni. Tulichimbia mawe makubwa matano, tukayapaka chokaa, na sasa kila dereva anaonyeshwa kabla hajashusha jembe.

Nani anakumbuka

Watu hukimbilia wazee wa ukoo wao. Wazee wa ukoo wasikilizwe, lakini ukoo una upande. Mtafute mtu aliyepita hapo akiwa hana cha kupata: kibarua aliyepalilia kahawa, mtu aliyekamua maziwa, aliyechimba kaburi, na hasa wanawake waliokata majani. Mwanamke anayekata majani anajua mpaka kuliko mwenye kihamba, kwa sababu akivuka hatua moja anaitwa mwizi.

Mama mmoja alifiwa na mume wake, na hata arobaini haijafika shemeji yake akawa amesogeza masale hatua sita, karibu kufikia zizi. Wazee wote wa ukoo walipoulizwa walisema hawakumbuki vizuri. Nilitoka kwenye kikao kile nimeumia. Mjane mwenyewe ndiye aliyemkumbuka bibi mmoja wa kitongoji cha juu, ambaye kwa miaka mingi alikuwa akinunua majani kwa marehemu mama mkwe. Tukamleta. Alitembea polepole na fimbo yake, akapita safu mpya bila kuitazama, akaenda kusimama kwenye kisiki cha msesewe na kusema hapo ndipo alipokuwa akitua mzigo, kwa kuwa hapo ndipo palipoishia kwa huyu na kuanzia kwa yule. Tukachimba kandokando ya kisiki. Mizizi ya rangi ya machungwa ilikuwepo, safu nzima. Shemeji hakusema neno.

Bibi yule alikuwa amevuka miaka themanini. Kama mna mtu wa namna hiyo kijijini, msisubiri ugomvi. Mwombeni atembee mpakani leo, majirani wote wawili wakiwepo, mumrekodi kwa simu akitaja kila alama, na siku hiyohiyo maneno yake yaandikwe na kutiwa sahihi au dole gumba. Nimehesabu mashauri manne yaliyotushinda kwa sababu tu aliyejua alikuwa ameshazikwa.

Na kwa wajane na mabinti niseme wazi, maana bado naulizwa. Sheria ya Ardhi ya Vijiji, Na. 5 ya mwaka 1999, inampa mwanamke haki ya kupata, kumiliki na kutumia ardhi sawasawa na mwanamume, na mila inayomnyima haki hiyo haina nguvu. Mtu akikuambia mwanamke hana mpaka, muulize aliyekuambia ameisoma wapi.

Karatasi

Kusanya ulichonacho: mkataba wa kununua, wosia, muhtasari wa kikao cha ukoo cha kugawana, barua ya halmashauri ya kijiji. Kukosa hati si kukosa haki, kwa sababu haki ya kimila inatambuliwa na sheria kuwa na hadhi sawa na haki iliyotolewa na serikali kwa hati. Lakini kama ulinunua ardhi ya kijiji kwa kuandikiana na muuzaji sebuleni tu, bila idhini ya halmashauri ya kijiji, una tatizo ambalo litakutokea siku mbaya. Karatasi zote zitoe nakala, nakala moja ikae nje ya nyumba yako.

Kwenda kwa jirani

Sasa una picha, vipimo na mashahidi. Nenda. Nenda asubuhi, siku ambayo hakuna aliyekunywa mbege, pombe yetu ya ndizi. Usipige simu, usimtume mtoto, na tafadhali usiliweke suala hili kwenye kundi la WhatsApp la ukoo. Huko watu walioko mbali watalipalilia moto usiowaunguza. Ongozana na mtu mmoja anayeheshimiwa na pande zote mbili. Mimi nilikuwa nawafundisha watu maneno kabisa, kama darasani:

"Shikamoo baba. Nimekuja kuhusu pale kwenye mgomba wa mchare, mpakani. Mimi naona hivi, na wewe pengine unajua ambacho sikijui. Naomba Jumamosi tupite pale pamoja, wewe na mtu unayemwamini, na mimi na mmoja wangu, tukumbushane."

Hakuna neno "umeiba" humo, wala "nitakupeleka". Umemwachia mlango wa kutokea. Watu wengi waliosogeza mpaka wanajua walichofanya, na wanahitaji njia ya kurudi bila kuaibika mbele ya watoto wao. Kama ulishamtukana huko nyuma, anza kwa kuomba radhi kabla ya habari ya mpaka. Kwetu ungekwenda na isale.

Mtakapotembea, utasikia mtu mwenye nia njema akisema mgawane nusu kwa nusu yaishe. Mimi siungi mkono. Kama masale yalisogezwa hatua nne kwa makusudi na mkagawana, aliyesogeza amepata hatua mbili na amejifunza kwamba inalipa. Nusu kwa nusu ni sawa tu pale ambapo kweli hakuna anayekumbuka, hakuna mzizi na hakuna karatasi. Ushahidi ukiwepo, mpaka urudi ulipokuwa, na huruma uonyeshe kwingine: mwache avune migomba yake iliyokwisha kubeba, mpe muda wa kuhamisha kahawa.

Ikishindikana

Peleka malalamiko Baraza la Ardhi la Kijiji kwa maandishi. Baraza hili linasuluhisha, halitoi hukumu, na hakuna anayelazimishwa kupatanishwa. Nguvu yake ni kwamba wajumbe wanapajua mahali. Ukiona wajumbe wanataka kumaliza shauri la mpaka wakiwa wamekaa ofisini, omba kwa heshima liahirishwe mpaka watembelee eneo.

Hatua inayofuata ni Baraza la Kata, na hapa kuna kosa ambalo bado limeenea. Zamani Baraza la Kata lilikuwa likitoa hukumu za ardhi. Mwaka 2021 sheria ilibadilishwa, na tangu hapo linasuluhisha tu. Wajumbe watatu hukaa kusuluhisha, angalau mmoja wao mwanamke. Wakishindwa wanathibitisha kwa maandishi kwamba usuluhishi umeshindikana, na Baraza la Ardhi na Nyumba la Wilaya halitakusikiliza bila uthibitisho huo. Zikipita siku 30 bila kata kusuluhisha, unaruhusiwa kwenda wilayani bila hiyo karatasi. Kwa hiyo siku unayopeleka barua yako kata, baki na nakala iliyogongwa mhuri wa kupokelewa wenye tarehe.

Wilayani ni mahali pa sheria kamili: mwenyekiti ni mwanasheria, anakaa na wazee wa baraza, na mashauri ya kudai ardhi yanayopokelewa hapo ni yale ambayo thamani ya ardhi haizidi shilingi milioni 300. Kabla hujafika huko jua mambo ambayo yamewaangusha watu wenye haki, niliowaona kwa macho.

La kwanza ni ardhi ya marehemu. Kama kihamba bado ni cha baba na baba amefariki, wewe kama mtoto huwezi kukishtakia kwa jina lako tu. Anayeweza ni msimamizi wa mirathi aliyeteuliwa na mahakama. Watu wanaendesha kesi miaka mitatu, wanauza ng'ombe, kisha inatupwa kwa sababu hiyo. Nenda Mahakama ya Mwanzo kwanza, ukiwa na muhtasari wa kikao cha ukoo.

La pili ni kueleza ardhi yenyewe. Usiandike "shamba langu lililopo kijijini". Andika kijiji, kitongoji, ukubwa unaodaiwa, na majirani wa pande zote nne, kaskazini nani, kusini nani. Vipimo vyako vya kamba sasa vina kazi. Tena ukidai hatua nne barazani, usije ukadai sita wilayani.

La tatu ni muda. Madai ya kurudishiwa ardhi yana ukomo wa miaka 12. Ukinyamaza kwa ajili ya kuogopa maneno ya watu, unyamavu huo unahesabiwa. Lakini usitishwe na mtu uliyemkaribisha: aliyepewa mahali pa kulima kwa hisani hageuki mwenye mali kwa kukaa muda mrefu tu. Ndiyo sababu hata hisani iandikwe. Na kama kipande kinachogombaniwa kiliuzwa na mtu kwa jirani yako, muuzaji naye aunganishwe kwenye shauri.

Jirani akianza kujenga juu ya eneo hilo wakati mnagombana, usisubiri tarehe ya kusikilizwa. Omba zuio mapema, ukiambatanisha picha. Polisi nenda endapo kuna panga, kipigo au tishio la kuua. Ukienda polisi kuuliza mpaka ni wa nani watakurudisha barazani, na ni sahihi, kwa sababu umiliki ukiwa na ubishi lazima uamuliwe kwanza na chombo cha ardhi. Hukumu ya wilaya usiporidhika nayo, rufaa ni Mahakama Kuu ndani ya siku 45. Huna fedha za wakili? Tafuta wasaidizi wa kisheria, wanaotambuliwa na Sheria ya Msaada wa Kisheria ya mwaka 2017. Ulizia ofisi za halmashauri yako. Na Kiswahili ndiyo lugha ya vyombo hivyo, usikubali mtu akutoze fedha za "kukuandikia kwa lugha ya kortini".

Kuufunga mpaka

Mkikubaliana, iwe nyumbani, barazani au kata, msiondoke bila maandishi. Mnaandika tarehe, majina ya majirani wote wawili, alama zimehesabiwa moja moja kutoka juu hadi chini, na namba mbili za kila alama kutoka kwenye vitu visivyohama. Wenza wote watie sahihi, na mtoto mmoja mtu mzima kutoka kila upande, kwa sababu hao ndio watakaogombana baadaye. Kisha balozi, mwenyekiti wa kitongoji, na mtendaji wa kijiji na mhuri wake. Nakala nne: kwako, kwa jirani, ofisi ya kijiji, na moja kwa mtu wa tatu mnayemwamini. Kama kijiji chenu kinatoa hatimiliki za kimila, ombeni mkiwa bado mmepatana, kwa kuwa majirani huitwa kuthibitisha mipaka.

Halafu pandeni masale siku hiyohiyo, kila mmoja ameshika jembe lake. Sisi tulikuwa tunachimba shimo la futi mbili, tunaweka vigae vya chungu na mkaa chini, ndipo tunasimika jiwe na kupanda isale juu. Mkaa hauozi na vigae havioti vyenyewe, kwa hiyo hata jiwe likibebwa, shimo linabaki na habari yake. Mti wa mgrivea usipandwe juu ya mstari. Kwetu tulikubaliana kila mtu arudi hatua tatu ndani kwake, kwa ajili ya kivuli, mizizi na siku utakapoanguka.

Mimi na yule mama wa tambarare tunatembelea mawe yetu mara mbili kwa mwaka: mwezi wa pili kabla ya trekta, na tarehe 26 Desemba wajukuu wakiwa wamekuja kula Krismasi. Mjukuu wangu wa miaka tisa anashika ncha moja ya kamba na wa kwake anashika nyingine, wanasoma mafundo kwa sauti, na mimi nalinganisha na daftari. Mwaka jana jiwe la tatu lilikuwa limeinama. Tulilisimamisha, tukalipaka chokaa upya, tukaandika tarehe.